Binti Asiyeweza Kutunza Siri

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya upekuzi. Nimekubali kwa sababu hotuba za siku mliponiaga zilikuwa ndefu na hazikuwa na ukweli wowote, na pia kwa sababu tangu nikae nyumbani hapa Soweto, Moshi, sina mtu wa kumhoji isipokuwa muuza maziwa, ambaye naye ameanza kupitia njia nyingine. Vyeo na mishahara sizungumzii. Vya kwangu vinachosha na vya wengine vinaudhi. Mkitafuta humu siri za serikali mtapoteza muda. Zile nilizozijua nimeziacha palepale nilipozikuta, na nyingi zisingemfaa hata adui. Majina ya watu nimebadilisha na kijiji sikitaji. Kuna jambo moja ambalo si langu, na mwenye haki ya kuniruhusu kulisema ameniruhusu.

Kwa ambaye hajui, kazi yenyewe ni hii. Mtu akitakiwa kushika nyaraka za siri, kwanza anachunguzwa. Anajaza fomu, anataja wazazi, ndugu, shule alizosoma na safari alizosafiri. Kisha anatumwa mtu kama mimi kwenda kwao kuuliza huyu ni nani, anaishi na nani, anakunywa nini, na akishakunywa anasema nini. Akiridhisha anapewa kibali. Vibali navyo vina ngazi zake. Mwenye kibali cha siri hagusi siri kubwa, na hata mwenye kibali cha siri kubwa haruhusiwi kusoma kila kitu, ila kile tu ambacho kazi yake inakihitaji. Hilo la mwisho ndilo gumu kufundisha, maana kwetu mtu akiona wawili wananong'ona huvuta kiti.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Mbazi, ambaye alikuwa amefanya upekuzi tangu enzi za taipureta. Alinipeleka kuona masjala ya siri, chumba kinachohifadhi majalada yasiyotakiwa kuonwa na kila mtu. Mlango ulikuwa wa chuma, una kufuli mbili na bango jekundu la kukataza wasiohusika. Ndani nilimkuta mama wa maandazi ameweka beseni lake juu ya kabati.

"Huyu naye ana kibali?" nikauliza.

"Huyu haingii masjala," Mzee Mbazi akasema. "Huyu analeta maandazi."

Kisha akanionyesha mhuri. Mkuu wa ofisi wa wakati huo alikuwa ameagiza kila karatasi igongwe neno SIRI ili watu waheshimu kazi. Zamu za kufagia zilikuwa siri. Mchango wa msiba wa karani ulikuwa siri. Ratiba ya chai ilikuwa siri kubwa, kwa kuwa ilitaja wakubwa. "Adui akiingia humu," Mzee Mbazi alisema, "atakaa wiki nzima anasoma nani anapenda chai ya rangi. Labda ndiyo mbinu yenyewe." Wakati huohuo mkuu alikuwa na tabia ya kupokea simu za makao makuu akiwa amesimama barazani, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Wananchi waliokuwa kwenye foleni walinyamaza kwa heshima, wasije wakakosa neno.

Safari yangu ya kwanza ya milimani nilienda Rombo kumpekua kijana mmoja. Mimi ni mtoto wa Kahe, wa tambarare, wa mpunga na joto. Watu wa juu wakisikia ninavyosema hunionea huruma kidogo kabla hawajaniuliza shida yangu. Niliagizwa nisijulikane. Nikajitangaza kuwa ni bibi mifugo, mtaalamu wa serikali wa wanyama. Nilidhani nimeteua kitu kisicho na madhara. Nyumba ya kwanza nikakaribishwa vizuri, nikanyweshwa mtori wa ndizi, halafu nikapelekwa zizini ambako ng'ombe alikuwa anazaa na ndama amekaa vibaya. Familia nzima ilikuwa imenizunguka, wananitazama mikono. Nilisema ninafuata dawa garini. Gari lenyewe lilikuwa kilomita kadhaa chini, nami nililifikia upesi kuliko nilivyotarajia. Ndama alitolewa salama na bibi mmoja wa jirani, na tangu hapo kijiji kizima kilijua kwamba serikali imemtuma mtu, ila si wa mifugo. Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa na mnada wa mavuno, mzee wa kanisa alisimama akasema yule mama anayemchunguza kijana wetu bado yupo, tumpe ushirikiano.

Mzee Mbazi alicheka mpaka akavua miwani. "Usijifanye mtaalamu wa kitu chochote walicho nacho nyumbani," akaniambia. Alinifundisha na mengine. Nisikatae chakula, kwa sababu anayekulisha hawezi kukufukuza kabla hujamaliza. Nivae viatu vya tope. Nisiulize habari za mtu; niulize habari za jirani yake, za mtu zitakuja zenyewe. Zaidi ya yote, nikisikia maneno mabaya juu ya mtu, kwanza niulize anayeyasema amepakana naye upande gani. Huku juu vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimebanana, shamba la mtu linaanzia kwenye migomba ya mwenzake, na watu wanaokwenda kanisa moja na kuzikana kwa upendo wanaweza kununiana vizazi viwili kwa hatua chache za udongo. Nimesoma taarifa nyingi za upekuzi zilizosema mwombaji hana uadilifu. Nyingi zilikuwa kesi za mpaka.

Mzee Mbazi alistaafu. Wakaja wakuu wengine, zikaja kompyuta, zikaja simu za mfukoni, na nyinyi vijana mkaja na mtindo wenu wa kumpekua mtu kwa kuangalia picha zake za mtandaoni. Siwakatazi. Mtu akipiga picha ameketi juu ya gari lisilo lake, hiyo nayo ni taarifa. Lakini kisa ninachotaka kuwasimulia kisingeonekana kwenye simu yoyote.

Nafasi ilitokea kwenye masjala ya siri ya ofisi moja kubwa mjini Moshi iliyokuwa chini ya mkuu wetu. Waombaji walikuwa wawili, wote wakifanya kazi masjala ya kawaida ya ofisi hiyohiyo: kijana anayeitwa Godlisten na binti anayeitwa Ndeshi. Atakayekosa angehamishiwa mkoa wa mbali kusini. Kwa Godlisten hilo lilikuwa usumbufu tu. Kwa Ndeshi lilikuwa jambo la uhai, kwa sababu mama yake alikuwa anasafishwa damu hospitalini mjini kila wiki, figo zimegoma, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumpeleka na kumrudisha.

Godlisten nilimmaliza mapema. Kila niliyemuuliza alimsifu kwa neno lilelile, kwamba hasemi. "Huyu tangu mdogo hasemi," mama yake aliniambia kwa fahari. "Hata akiumwa hasemi. Mara moja alivunjika mkono, tulijua wakati wa kuoga." Mkuu wetu wa wakati huo, ambaye nitamwita Bosi kwa kuwa alipenda kuitwa hivyo, aliposoma taarifa alifurahi sana. "Huyu ndiye," akasema. "Kaburi linalotembea."

Kwa Ndeshi ilibidi nipande juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala, kwenye kijiji cha baba yake. Nilianzia sokoni, nikinunua ndizi taratibu na kuuliza habari za huku na huku. Muuza ndizi akaniambia, bila mimi kutaja jina: "Wewe ni wa ile kazi ya Ndeshi? Mtoto mzuri, ana heshima. Lakini hawezi kutunza siri." Nikapanda. Nyumba ya kwanza wakaniambia hawezi kutunza siri. Ya pili nayo vilevile. Ya tatu bibi mmoja alisubiri nimalize kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, akanipangusia meza, akasema, "Mwanangu, binti mzuri, ila..." nami nikamalizia sentensi.

Nikafika kwa Mzee Aminieli, baba mdogo wake Ndeshi. Ndeshi alikaa kwake wakati anasoma sekondari, baada ya baba yake kufariki, kwa sababu shule ilikuwa karibu. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti, mzee wa kanisa, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mkewe, Mama Furaha, alinisalimia, akaleta chai, akarudi jikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Nitakuambia ukweli, ingawa ni damu yangu." Akakohoa. "Kulikuwa na jambo la mpaka. Nilikuwa nimeurekebisha kidogo, hapo kwa jirani."

"Jirani yupi, baba?"

"Mjane mmoja. Mumewe alipofariki mpaka ulikuwa hauonekani vizuri."

"Ukaurekebisha upande gani?"

Alinitazama kama nimeuliza dini yake. "Wa kwangu. Basi, jambo la nyumbani hilo, tulikuwa tunalijua sisi wa ndani tu. Yule binti akaenda akamwambia mjane. Mjane akaita wazee, wakapima, nikaaibishwa mbele ya watu. Kanisani nilisimamishwa kwa muda. Nilipouliza mezani ni nani amepeleka maneno, akajibu mwenyewe: ni mimi. Nilimtoa siku hiyohiyo. Sasa wewe niambie. Mtu anayetoa siri ya nyumba aliyolala, mtampa siri za nchi?"

Nawaambieni kwamba nilikunywa chai ile nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa sababu hoja yake ilikuwa na umbo la hoja. Mtu ameiba ardhi ya mjane, na miaka yote hiyo kijiji kizima hakisemi "Aminieli mwizi," kinasema "Ndeshi hawezi kutunza siri." Nikajua kabisa Bosi ataipenda.

Nilirudi mjini nikamwita Ndeshi. Alikuja na shati lake la kazini limepigwa pasi, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Ni wewe uliyemwambia yule mjane?"

"Wanasema ni mimi, mama."

"Nimewasikia. Nakuuliza wewe."

"Andika walivyosema."

"Nikiandika hivyo hupati kibali."

"Najua."

"Na mama yako?"

Hapo macho yalijaa, lakini sauti haikubadilika. "Mama nitaongea naye. Kama ni kwenda, nitakwenda naye."

"Huko unakopelekwa hakuna mashine hizo."

"Najua, mama."

Nilikuwa nimehoji watu wengi. Mtu aliyesema kweli kuhusu wizi hujitetea, na ana haki. Husema, nilimsema ndiyo, kwa sababu aliiba. Yule binti hakujitetea hata kwa hilo, ambalo lingemtosha. Hakukubali, hakukataa, hakumlaumu mtu. Alikaa mbele yangu kama mtu aliyeshikilia mlango kwa mgongo. Nikamwambia aende. Jioni sikula vizuri.

Kesho yake nilipanda tena, safari hii bila gari la ofisi, kwa sababu dereva wetu alikuwa mtu wa kijiji kile na mdomo wake ulifika nyumbani kabla yake. Nilingoja Mzee Aminieli atoke kwenda kwenye kikao cha kanisa. Mama Furaha alikuwa uani anamenya ndizi. Nikachukua kisu cha pili, nikakaa.

"Nilimuuliza Ndeshi," nikasema. "Hakukanusha."

"Hakukanusha?"

"Hata neno."

"Ulimwambia habari za mama yake?"

"Nilimwambia."

"Na bado hakusema kitu?"

"Bado."

Kisu chake kilisimama. Aliangalia lango, akaangalia njia ya ng'ombe, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, kwa Kichagga kwanza, halafu akaona sikuelewa, akarudia: "Ni mimi niliyesema."

Yeye na yule mjane walipata kipaimara pamoja. Mama Furaha alipougua baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, mjane huyo ndiye aliyemnyonyesha mtoto wake. Asingeweza kuona mpaka unahamia shambani kwa mwenzake kisha akae kimya anapika. Alikwenda mchana, Ndeshi akiwa naye, wamebeba majani ya ng'ombe. Siku mumewe alipouliza mezani ni nani amesema, yeye Mama Furaha alishika meza kwa hofu. Kabla hajafungua mdomo, binti yule wa sekondari akasema, ni mimi.

"Mimi angenirudisha kwetu," aliniambia. "Alishaapa. Na watoto wangu walikuwa wadogo, wangebaki na nani? Yeye alichukua begi lake la shule akashuka Kwa Sadala kwa miguu. Nilimfuata mpaka kwenye mfereji, nikamwambia mwanangu usiseme kamwe. Hajasema. Hata mama yake mzazi hajui." Akaanza tena kumenya. "Wewe umekuja kuuliza kama anaweza kutunza siri. Nimekujibu. Lakini usiandike. Dereva wenu ni mtoto wa dada yake mume wangu. Na huyu mzee, hata leo, simwamini."

Nilishuka ule mlima nimebeba ushahidi bora kuliko wowote niliowahi kuupata, na sikuwa na pa kuuweka. Fomu yetu ilikuwa na kisanduku cha chanzo cha taarifa. Kisanduku hicho kingesomwa na Bosi, na katibu wake, na anayechapa, na anayeleta chai, na jina la Mama Furaha lingekuwa juu ya mlima kabla wino haujakauka. Basi niliandika kwamba nimeridhika kuwa mwombaji anatunza siri, kwamba maneno ya kijijini nimeyachunguza na si ya kweli, na kwamba chanzo changu sitakitaja.

Bosi aliniita.

"Bi Rehema, hii ni nini? Kijiji kizima kinasema anatoa siri, wewe peke yako unasema anatunza. Chanzo?"

"Sitakitaja, Bosi."

"Hata kwangu? Mimi nina kibali cha siri kubwa."

"Cha siri za serikali. Hii si ya serikali."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, Bosi. Naifanya tu."

Alipandwa na hasira, akainua simu, akatoka nayo barazani kama walivyofanya waliomtangulia. Aliwaeleza makao makuu kwamba ana afisa mkaidi anayeficha chanzo katika upekuzi wa binti fulani wa Machame. Saa ya chai mama wa maandazi, binti wa yule wa zamani, aliniwekea andazi la ziada kwenye sahani. "Pole, Bi Rehema," akaninong'oneza. "Usikitaje." Kama ningeandika jina, angelijua na yeye.

Nilipewa onyo la maandishi. Godlisten akapewa kibali na funguo. Jalada la Ndeshi likaandikwa lisubiri, na barua ya uhamisho wake ikaanza kutafuta sahihi, kazi ambayo kwetu, namshukuru Mungu, haina haraka. Kila siku ya kusafisha damu nilimwona Ndeshi kwa mbali stendi, amemshika mama yake kiwiko, wanatembea kama wanapita kwenye mayai. Alikuwa ananisalimia kwa adabu. Hakuniuliza chochote, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja mpole mwenye koti la mvua, kukagua namna tunavyohifadhi nyaraka. Bosi mwenyewe alimwongoza masjala, akimsifia Godlisten njiani kwamba ni kijana asiyesema. Mimi nilikuwa nyuma yao. Mkaguzi akaomba kabati la siri kubwa lifunguliwe.

Godlisten hakusogea.

"Fungua, kijana," Bosi akasema.

Godlisten akatazama sakafu. Mkaguzi akasogea mwenyewe, akavuta mkono wa kabati. Lilifunguka polepole, kwa mlio. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani tu, fundo limefichwa nyuma, nalo likaachia.

"Funguo ziko wapi?"

Mkaguzi alikuwa amemgeukia Godlisten.

"Godlisten!" Bosi akapaza sauti. "Funguo!"

"Zilipotea."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Kahe, kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu."

"Na hukusema?"

Kijana alimtazama Bosi kwa mshangao wa kweli. Sidhani alikuwa mbaya. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa jambo moja, naye alikuwa analifanya. "Sikutaka kusema," akajibu.

Kwa hiyo kwa muda wote huo siri kubwa za ofisi ile zilikuwa zinalindwa na kamba ya kufungia mbuzi, na mtu pekee aliyejua alikuwa ameitunza siri hiyo kikamilifu. Hapa niwaambie vijana jambo moja la kazi kisha niendelee. Atakayelinda siri lazima awe wa kwanza kupiga kelele kufuli ikivunjika. Anayenyamazia kila kitu hatunzi chochote. Anajitunza mwenyewe tu. Ukienda kumpekua mtu ukaambiwa hasemi, uliza ni yapi hasemi, na kwa faida ya nani.

Mkaguzi alikaa siku chache. Kufuli zikabadilishwa, majalada yakahesabiwa, na kwa bahati hakuna lililopotea, labda kwa sababu ratiba za chai zilikuwa zimeyafunika. Alipotafuta wa kushika nafasi alikuta jalada moja limesubirishwa. Akaniita peke yangu, akafunga mlango, na sikuwa nimewahi kuona mkubwa akifunga mlango kabla ya kuzungumza.

"Hii sababu usiyoitaja, ni nzito?"

"Ni nzito."

"Ikitajwa kuna mtu ataumia?"

"Yupo."

"Anaumia kwa kosa lake?"

"Hapana. Kwa wema wake."

Alinitazama kidogo, akachukua kalamu, akaweka sahihi. Hakuuliza zaidi. Katika miaka yangu yote ya kazi huyo ndiye mtu pekee niliyemwona akiheshimu ile kanuni ya kujua kile tu unachokihitaji.

Ndeshi akabaki Moshi. Mama yake aliendelea na matibabu yake. Godlisten alihamishiwa mkoa wa kusini, ambako nasikia anapendwa. Bosi alipandishwa, lakini nilisema vyeo sivizungumzii.

Mwezi mmoja baada ya ninyi kuniaga, Ndeshi alinipigia. Ukoo ulikuwa umekaa. Mzee Aminieli alikuwa amezeeka, ana kisukari, macho yamepungua, na wazee wamesema hawataki aondoke na kinyongo. Krismasi wote wakirudi nyumbani, Ndeshi alete isale, lile jani ambalo Wachagga humpelekea mtu waliyemkosea kumwomba radhi. Mama yake asingeweza kupanda mlima. Aliniomba nimsindikize.

"Utaomba radhi kwa kitu ambacho hukufanya?" nikamuuliza tukiwa njiani.

"Mama, kuomba radhi ni maneno tu," akasema. "Mama mdogo ndiye anakaa naye kila siku."

Nyumba ilikuwa imejaa. Watoto na wajukuu wametoka Dar na Arusha, magari yamebana njia ya ng'ombe, mbuzi ameshachinjwa. Ndeshi alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake mdogo, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Mzee alilipokea, akaliweka mapajani, akaanza hotuba. Alizungumzia heshima ya nyumba. Alizungumzia vijana wa siku hizi. Alizungumzia uaminifu, na hapo nilitazama dari. Mpaka wa mjane haukutajwa. Mwishoni akaweka mkono kichwani kwa Ndeshi akasema kwa sauti ya kanisani kwamba amemsamehe, mbele ya Mungu na mbele ya ukoo.

Watu wakapiga vigelegele. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la nyama. Akaliweka chini.

"Baba Furaha," akasema. "Umemsamehe aliyesema?"

"Si umesikia? Nimemsamehe."

"Aliyesema, yeyote yule?"

Chumba kilikuwa bado kina kelele, lakini mimi nilikuwa karibu, na Ndeshi alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua uso haraka, akatikisa kichwa kumkataza. Mama Furaha hakumtazama yeye.

"Nimesema nimesamehe," mzee akajibu. "Mara ngapi?"

"Basi, ahsante," Mama Furaha akasema. "Nimeungoja msamaha huo miaka mingi."

Mzee Aminieli aligeuza yale macho yake hafifu kwa mkewe, akayaacha hapo. Alifungua mdomo. Ukoo wote ulikuwa ukumbini, vigelegele vilikuwa havijaisha, na msamaha alikuwa ameshautoa kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi. Akaufunga mdomo.

Mama Furaha akamwinua Ndeshi kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti, akachagua kipande kizuri cha nyama akampa yeye kwanza, kabla ya mumewe.